"Jikaze" Haitoshi: Wanafunzi wa Uuguzi na Kudhibiti Hisia

Kudhibiti hisia si kuzizima. Ni kuitambua hofu, hasira au huzuni inapoingia, kuipa jina, kisha kuamua la kufanya nayo. Mwanafunzi wa uuguzi huhitaji uwezo huo mapema. Mgonjwa aliyemnywesha uji asubuhi anaweza kufariki kabla ya saa sita. Mwanafunzi huitwa kusaidia kuufunga mwili, kisha hutakiwa kitanda cha pili apime presha kwa uso mkunjufu.

Dar es Salaam mzigo huo ni mzito zaidi. Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyopo Upanga, hupokea rufaa za nchi nzima, na katika wodi zake wanafunzi hujifunza kwa vitendo. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, zaidi ya watu 80 waliokolewa, na majeruhi walipelekwa Muhimbili, Amana na Mnazi Mmoja. Siku za namna hiyo ndugu hujaa mlangoni wakimuulizia mtu wao, na humuuliza yeyote aliyevaa sare, hata kama bado anasoma.

Ushauri wa mazoea ni "jikaze". Unasaidia zamu isisimame, lakini una gharama. Tafiti za mwanasaikolojia James Gross wa Marekani, tangu miaka ya 1990, zimeonyesha kuwa anayeficha huzuni hubadilisha uso tu: ndani huzuni hubaki ileile, na mwili huhangaika zaidi. Anayejifunza kulitazama tukio upya huipunguza hisia yenyewe. Badala ya kubaki na "nimeshindwa kumwokoa", huweza kusema kwa haki, "nimemsitiri, na hakufa peke yake."

Wapo wanaohofia kwamba mafunzo ya kudhibiti hisia yatakuwa kisingizio cha kumtwisha mwanafunzi matatizo ya mfumo. Hofu hiyo ina msingi, maana kuvuta pumzi kwa utulivu hakuongezi muuguzi wodini wala hakufupishi zamu. Ndiyo maana mafunzo yaambatane na usimamizi: robo saa ya mazungumzo baada ya kukabidhiana zamu, mwalimu anayeuliza "umelionaje lile?", na ushauri nasaha wa siri usiogusa alama za mwanafunzi.

Kuchoma sindano hufundishwa hatua kwa hatua, chini ya jicho la mwalimu. Kukaa na huzuni ya kazi nako kufundishwe vivyo hivyo, kabla mwanafunzi hajakabidhiwa zamu yake ya kwanza ya usiku.