Silaha ya Kasi Ipimwe Polepole

WENGI wetu tuliokulia mijini tulianza kuifahamu rivolva katika majumba ya sinema. Tulimwona shujaa wa picha za Kimarekani akiichomoa kabla adui yake hajaigusa ya kwake, akiipiga nyundo kwa kiganja cha mkono wa pili mara tano, mara sita, na maadui wakianguka mmoja baada ya mwingine. Katika picha za wapelelezi tulimwona askari kanzu akijaza risasi, kisha akiifunga silinda kwa mtikiso mmoja wa kifundo cha mkono. Tulipiga makofi. Hatukuonyeshwa hata mara moja bastola hiyo ikipelekwa kwa fundi.

Leo twapenda kuizungumzia bastola hiyo kwa sababu yale tuliyoyaona kuwa mambo ya sinema ni mchezo halisi wenye mabingwa na vikombe vyake. Marekani, tangu mwaka 1981, kumekuwa na mashindano ya Steel Challenge, ambamo washindani hupiga sahani za chuma huku saa ikiwahesabia, na rivolva zina fungu lao. Liko pia shirikisho la ICORE, ambalo shughuli yake ni rivolva. Hatuna ugomvi na mchezo huu. Tulilo nalo ni shauri moja, nalo latokana na jambo ambalo kwa maoni yetu halijatiliwa mkazo unaostahili: kasi ile ile inayoichakaza silaha ndiyo inayouficha uchakavu wake.

Kwanza tuwape mabingwa haki yao. Mwaka 1932, katika mji wa Lead, jimbo la South Dakota, Ed McGivern, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 57, alifyatua risasi tano kwa muda usiofika hata nusu sekunde. Saa ilionyesha sehemu 45 katika 100 za sekunde moja. Alisimama futi 15 kutoka kwenye shabaha, na matundu yote matano yaliweza kufunikwa kwa sarafu ya nusu dola. Mwaka 1999 Jerry Miculek alipiga risasi nane kwa sekunde moja. Mwaka huo huo alipiga risasi sita, akajaza bastola upya, akapiga sita nyingine, yote hayo kwa sekunde 2.99. Msomaji ajaribu tu kuhesabu mpaka kumi na mbili kwa sauti katika muda huo, naye atauelewa ustadi tunaousema.

Ustadi wa namna hiyo haupatikani kwa bahati. Ni matunda ya mazoezi ya miaka mingi na ya maelfu kwa maelfu ya risasi. Lakini risasi hizo zote hupita katika chuma kile kile, na chuma hakina mazoezi. Mkono wa mtu huzidi kuwa mwepesi kadiri unavyotumika. Chuma huzidi kulika.

Ili tueleweke, hatuna budi kueleza namna rivolva inavyofanya kazi. Ina silinda yenye matundu, kwa kawaida sita, na kila tundu hubeba risasi moja. Mpigaji anapovuta kifyatulio, nyundo hurudi nyuma. Papo hapo kijichuma chembamba, ambacho hapa tutakiita kidole, huyasukuma meno yaliyo nyuma ya silinda ili izunguke. Komeo dogo lililo chini huachia, silinda ikapita, kisha komeo huingia katika kishimo kinachofuata na kuifunga silinda mahali ambapo tundu jipya limelingana sawasawa na mtutu. Ndipo nyundo inapoanguka na kuipiga fataki ya risasi.

Anayefyatua taratibu hulipa komeo nafasi ya kuingia mahali pake kwa upole. Anayefyatua risasi nane kwa sekunde huizungusha silinda nzito kwa nguvu na kuisimamisha ghafula, mara nane. Mzigo wote wa kusimama huko huangukia komeo lisilozidi ncha ya kidole cha mtoto, pamoja na kingo za vile vishimo. Ni sawa na dereva anayelikimbiza basi baina ya kituo na kituo na kukanyaga breki kwa nguvu kila afikapo. Abiria watafika mapema, na siku ile hakuna atakayelalamika. Lakini fundi wa gereji ajua ni nini kinachotendeka chini ya basi lile. Hivyo ndivyo kingo za vishimo zinavyopondeka na komeo linavyolegea, hadi siku silinda itakapopita mahali ilipotakiwa kusimama.

Hayo si yote. Katika kukimbilia kujaza upya, silinda hufunguliwa na kufungwa kwa kishindo, na mkono unaoishika hupinda. Ule mtikiso wa askari kanzu wa sinema ni miongoni mwa mambo yanayoiharibu rivolva upesi kabisa. Wako pia wanaolegeza springi ili kifyatulio kiwe chepesi. Nyundo nayo hupoteza nguvu, na mara nyingine fataki hukataa kuwaka. Moto wenyewe hula pia. Mwaka 1955 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa bastola ya .357 Magnum yenye kiunzi cha wastani, nyepesi kubebwa kiunoni siku nzima. Ilipendwa sana na polisi. Lakini ilipopigishwa kwa wingi risasi nyepesi zenye baruti kali, baadhi ya bastola hizo zilipasuka sehemu ya nyuma ya mtutu, mahali ambapo chuma kilikuwa kimepunguzwa ili silinda ipate nafasi. Mwaka 1980 kampuni hiyo ikatoa kiunzi kikubwa zaidi. Na mwaka 2014 ikatoa bastola ya mashindano, Model 929, yenye jina la Miculek na silinda ya titani, madini mepesi kuliko chuma cha pua. Na silinda ikiwa nyepesi, kishindo cha kuisimamisha hupungua. Watengenezaji, basi, wanaujua ugonjwa huu na wamekuwa wakiutafutia dawa.

Sasa tufikie kiini cha hoja yetu. Kidole na meno vikishalika, silinda haisukumwi hadi mwisho wa safari yake. Mtu angedhani kwamba mpigaji ataligundua jambo hilo mara moja. La, hasha! Katika mashindano kifyatulio huvutwa kwa kasi, na silinda ikishapata mwendo huendelea kwa msukumo wake wenyewe mpaka komeo liingie. Bastola yapiga barabara, shabaha zaanguka, saa yasoma vizuri. Ichukue bastola hiyo hiyo, uvute nyundo yake polepole kwa dole gumba huku ukiizuia silinda kidogo kwa mkono wa pili, nawe utaona nyundo imefika mwisho na komeo bado halijaingia. Kwa maneno mengine, mtu aweza kunyakua kikombe asubuhi kwa silaha ambayo fundi angeikataa mchana.

Msukumo huo hauwezi kutegemewa milele. Masizi na baruti isiyoungua hujikusanya chini ya silinda na kuifanya iwe nzito. Mpigaji huchoka, au huvuta taratibu kwa ajili ya shabaha iliyo mbali. Siku hiyo tundu halitalingana na mtutu. Risasi itagonga ukingo badala ya kuingia katikati, na vipande vyake, pamoja na moto, vitarushwa ubavuni kupitia ule mwanya ulio kati ya silinda na mtutu, mwanya ambao kwa kawaida haupiti unene wa karatasi moja au mbili.

Na ni nani aliye ubavuni? Ni msimamizi mwenye saa, ambaye kazi yake yamlazimu kusimama karibu na mpigaji na kumfuata hatua kwa hatua. Yeye hakuvuta kifyatulio, hakulegeza springi, wala hatapewa kikombe. Ni kweli kwamba amelazimishwa kuvaa miwani ya kukinga macho, na hilo ni jema. Lakini miwani haikingi shavu wala shingo, na si haki usalama wa mtu huyo uachiwe kipande cha plastiki hali ubovu wenyewe ungeweza kugunduliwa kabla ya risasi ya kwanza.

Wako watakaosema kwamba silaha ni mali ya mwenyewe, na akiiharibu ameharibu chake. Jibu letu ni kwamba hoja hiyo yafaa kwa mtu apigaye peke yake shambani kwake. Aingiapo uwanjani ameingia mahali pa watu. Wengine watasema kwamba sheria zipo. Naam, sheria za mashindano ya namna hii huwapa wasimamizi uwezo wa kuikagua silaha na kuizuia isiyo salama. Lakini uwezo wa kukagua si sawa na wajibu wa kukagua. Msimamizi hukagua anaposhuku, naye atashuku vipi, ikiwa kasi imeufunika ubovu?

Wapo pia watakaosema kwamba kukagua kutapoteza wakati. Twastaajabu kusikia hoja hiyo katika mchezo unaojivunia kuhesabu sehemu za sekunde. Kuivuta nyundo polepole mara sita, bastola ikiwa haina risasi bali maganda matupu, na kuangalia kama komeo limeingia kila mara, ni kazi isiyomaliza dakika moja.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. La kwanza, kila rivolva ipimwe polepole, tundu kwa tundu, mbele ya msimamizi kabla ya mwenyewe kuruhusiwa kushindana, bingwa na mwanafunzi wakitendewa sawa. La pili, kila mshindani awe na daftari la silaha yake, aandike idadi ya risasi alizopiga, vipuri alivyobadilisha na siku aliyomwona fundi. Dereva wa lori hujua gari lake limekwenda maili ngapi; itakuwaje mpigaji asijue?

La tatu lahusu wale wasiokuwapo uwanjani. Bastola ya mashindano haitupwi ikishachoka, huuzwa. Mnunuzi hupewa chombo kinachong'aa, akakiweka nyumbani akiamini kwamba kitamlinda. Yeye si mpigaji wa kasi, na huenda siku ya hatari akavuta taratibu kwa mkono unaotetemeka, jambo ambalo bastola hiyo haliwezi tena. Kuitengeneza nako si rahisi siku hizi. Kampuni ya Colt ilianza kuitengeneza Python mwaka 1955, ikaiacha mwaka 2005, na ilipoirejesha mwaka 2020 mitambo ya ndani ilikuwa imebuniwa upya. Mwenye ile ya zamani hana budi kumtafuta fundi wa zamani. Basi daftari lile liandamane na silaha hadi kwa mnunuzi, na muuzaji anayelificha ahesabiwe kuwa amedanganya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huzibwa na aliyeuona, na katika mchezo huu ufa hauonekani mpaka mtu apunguze mwendo. Twawaomba waandaaji wa mashindano haya, na hasa mabingwa, ambao neno lao lina uzito kuliko letu, waanze wao kuileta silaha mezani na kuivuta nyundo polepole mbele ya watu wote. Bingwa akifanya hivyo bila haya, mwanafunzi hatakuwa na kisingizio, na yule mwenye saa atasimama mahali pake kwa amani.