Zungumzo la Bwana Shamba: Isale Ndani ya Nyumba



Mwezi huu tuache kidogo mahindi na maharage. Tuzungumze juu ya mmea usioliwa. Mmea huo ni isale.

Wasomaji wa Kilimanjaro wanalijua isale tangu utotoni. Ni mmea wa mpakani. Majani yake ni marefu na mapana, yanafanana na ya mahindi, ila yanang'aa zaidi. Wachaga hupanda masale kutenganisha kihamba na kihamba. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba radhi, na si rahisi kulikataa. Wataalamu wa mimea huliita Dracaena fragrans. Neno la pili maana yake ni yenye kunukia, kwa sababu maua yake hutoa harufu nzuri usiku.

Siku hizi isale limeingia sebuleni. Watu wa Ulaya na Marekani huliweka ndani ya nyumba na maofisini, hasa aina yenye mstari wa manjano katikati ya jani. Katika miji yetu pia utaliona kwenye vitalu vya maua kando ya barabara. Basi wako watu wanaonunua kwa fedha kitu kilichojaa mpakani kwao!

Kwa nini isale linaweza kuishi ndani? Kwa sababu asili yake ni msituni, chini ya miti mikubwa. Limezoea kivuli. Liweke karibu na dirisha, lakini jua kali lisilipige moja kwa moja. Jua la mchana huunguza majani.

Kulipanda si kazi ngumu. Kata kipande cha shina chenye urefu wa shibiri moja. Tumia kisu kikali ili shina lisipondeke. Kama unakata katika masale ya mpakani, kwanza zungumza na jirani yako. Wewe unaona tawi, yeye anaona mpaka wa shamba lake. Usiling'oe. Ukikata shina tu, mzizi ukabaki, litachipua tena chini ya pale ulipokata.

Acha kipande kivulini siku moja ili kidonda kikauke. Tafuta kopo la rangi lililosafishwa vizuri, au ndoo mbovu. Toboa matundu manne au matano chini yake. Changanya udongo mzuri, mchanga, na samadi iliyooza sawasawa. Kisha simika kipande chako. Angalia upande uliokuwa juu ubaki juu. Watu wengi hugeuza, halafu wanalaumu udongo. Baada ya mwezi mmoja au miwili mizizi itakuwa imeshika, na macho ya shina yataanza kuvimba.

Masale mengi ya ndani hayafi kwa kiu. Yanakufa kwa kunyweshwa kila siku. Mizizi ikikaa katika matope inakosa hewa na kuoza. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole katika udongo mpaka pingili ya pili. Ukikuta unyevu, ondoka. Ukikuta pakavu, mwagilia. Mara nyingi ni mara moja kwa wiki, na wakati wa baridi hata mara moja kwa wiki mbili. Futa vumbi la majani kwa kitambaa chenye maji. Ukiona wadudu weupe kama pamba katika makwapa ya majani, wafute kwa maji ya sabuni.

Wauzaji wengine husema kwamba isale husafisha hewa ya nyumba. Mwaka 1989 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa taarifa ya majaribio ya namna hiyo. Lakini majaribio yalifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Nyumba yako si kisanduku. Kama jikoni kuna moshi wa kuni, fungua dirisha.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloulizwa mara nyingi. Isale limepandwa vizuri, halikosi maji, halipigwi na jua. Lakini ncha za majani zimekauka na kuwa na rangi ya kahawia, kama zimeunguzwa na moto. Ni ugonjwa gani?

Huenda si ugonjwa. Kiu ya muda mrefu inaweza kuleta hali hiyo. Mbolea nyingi ya chumvichumvi pia. Lakini kwa sisi tunaokaa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida au Shinyanga, lazima tuulize pia juu ya maji. Katika sehemu nyingi za mikoa hiyo maji ya visima na chemchemi yana madini ya floraidi, na isale ni mmea unaodhurika upesi na madini hayo.

Inakuwaje? Mizizi hunyonya maji pamoja na floraidi. Maji hupanda hadi majanini, kisha hutoka hewani kama mvuke. Floraidi haitoki. Inabaki na kujikusanya kwenye ncha na kingo za jani, kama magadi yanavyobaki ufukweni ziwa linapokauka.

Dawa yake ni maji ya mvua. Mwagilia kwa maji hayo peke yake kwa miezi mitatu. Jani lililokwisha kuungua halitapona. Wewe angalia majani mapya. Yakitoka safi mpaka nchani, una sababu ya kuyashuku maji yako ya kawaida. Nasema kuyashuku tu. Jani si maabara. Nenda kwenye ofisi ya maji ya wilaya, uulize namna ya kupimiwa maji.

Usipuuze, maana maji hayo ndiyo anayokunywa mtoto wako. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi huharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Mtoto akinywa maji yaliyozidi sana wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, yaani mpaka kama miaka 8, meno hayo hutoka na madoa ya kahawia. Hayasuguliki yakatoka. Maji yenye floraidi nyingi mno, yakinywewa miaka mingi, huumiza hata mifupa. Wengine miguu hupinda.

Floraidi haina rangi, haina harufu. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki ile ile katika maji machache. Mchanga wa kuchujia nao hauizuii. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliotengenezwa kitaalamu, huipunguza. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Meru, kimeshughulikia njia hiyo kwa miaka mingi. Angalia pia magadi unayolainishia makande. Mengine yana floraidi nyingi.

Njia iliyo karibu na wengi wetu ni bati la nyumba. Milimita moja ya mvua katika eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la mita 5 kwa mita 6 ni mita za mraba 30. Mvua ya milimita 10 huleta lita 300. Hata ukipoteza lita 60, zinabaki ndoo 12 za lita 20. Acha mvua ya kwanza isafishe vumbi la bati, kisha kinga. Funika pipa ili mbu wasizaliane. Maji ya kunywa uyachemshe.

Maji hayo yakiwa machache, yagawe hivi: kwanza ya kunywa na kupikia watoto wadogo na mama mjamzito, kisha watu wengine wa nyumbani. Isale linatosheka na vikombe viwili kwa wiki, na pipa likikaribia kukauka linaweza kungoja.