Dereva asimeze ramani

Ndugu zangu vijana, na ninyi wafanyakazi wa misaada munaotusoma, leo ninaleta vita kidogo. Vita ya programu.

Juzi, hapa karibu na Rusizi II, bodi ya kifaa chetu cha kupima maji ya tangi iliungua. Tukapata bodi ya aina nyingine. Kihisi ni kile kile. Ilipaswa kuwa kazi ya saa moja. Lakini aliyeandika ile programu alitia namba za pini ndani ya draiva, mahali kumi na moja. Siku tatu tunawinda namba! Na mwenyewe alishahamia mbali.

Wengine watasema: "Si ilikuwa inafanya kazi?" Ndiyo, kwa bodi moja tu.

Draiva ni dereva. Dereva wa moto anayejua kazi, umpe moto Kamembe ao Bukavu, ataendesha, njia utamuonyesha. Lakini yule aliyekariri kilima kimoja, ukimvusha mpaka anakuwa abiria kama wewe. Draiva ijue namna ya kuongea na kihisi, basi. Kihisi kimefungwa kwa pini gani, kwa anwani gani, hiyo ni habari ya bodi. Ikae kwenye faili yake.

Hii si ndoto yangu. Mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliwagombeza hadharani watu wa chipu za ARM, juu kila bodi ilikuwa inaleta rundo la faili zake ndani ya kiini cha mfumo. Dawa iliyoshika ni "mti wa vifaa", wazo lililotoka kwa Open Firmware ya kompyuta za Sun na Apple. Mti unasema: kuna kihisi fulani, anwani hii, pini hii. Draiva inasoma na kuendelea. Bodi ikibadilika, unaandika mti mpya, draiva haiguswi.

"Lakini vifaa vyetu ni vidogo, memori haitoshi!" Hapo pia ninakataa. Zephyr, mfumo endeshi wa vifaa vidogo, unasoma mti wakati programu inajengwa kwenye kompyuta, mbele ya kuingia kwenye chipu. Kifaa hakibebi mti wowote. Na kama hauna Zephyr, anza na faili moja yenye pini zote. Hiyo haina gharama.

Tazameni bwawa letu la Ruzizi II. Tangu 1989 linatoa umeme kwa Rwanda, Kongo na Burundi. Mtambo unazunguka tu. Waya gani unaenda nchi gani, hayo yanapangwa nje yake.

Wafanyakazi wa misaada, kila mradi munaleta bodi mpya. Sawa. Lakini mbele ya kulipa programu, ulizeni swali moja: tukibadilisha bodi, faili ngapi zitaguswa? Wakijibu "tutaandika upya", musisaini.

Na sisi vijana tuache uvivu. Leo uko hapa, kesho jina lako linatoka kwenye orodha, unaenda. Kifaa kinabaki, na mdogo wako njo atakifungua. Usimwachie fumbo. Sisi tulivuka na ufundi wetu, nyumba tukaiacha. Programu zetu nazo zijue kuvuka.