Ile 15 kwa 100 ni ya nani?

Ndugu wafanyakazi, bamama wa kambi, na ninyi vijana wa kwenye mashimo,

Katika mukutano wetu wa mwisho muzee mumoja alisimama akauliza ulizo moja tu: «Ile 15 kwa 100 ya sheferi, ni ya shefu ao ni yetu?» Watu walicheka, kiisha wakanyamaza. Tuliahidi kujibu hapa kwenye ukurasa wetu. Jibu tutalianzia mbali, kwenye visiwa vya Waarabu vinavyoitwa Bahareni, kwa sababu kule watu waliuliza ulizo kama hilo mbele yetu, na waliolishika mpaka mwisho walilipa.

Bahareni ni inchi ndogo katika Ghuba, ng'ambo ya Uajemi. Tangu 1783 jamaa moja, Al Khalifa, ndiyo inatawala. Waingereza hawakuleta gavana wa kukalia kiti cha mufalme. Walileta karatasi: mapatano ya 1861, ya 1880, ya 1892. Ndani yake mufalme aliahidi kwamba hatasikilizana na inchi ingine yoyote, na hatatoa wala kuuza udongo wake bila ruhusa yao. Bendera ilibaki yake, jina lilibaki lake. Lakini wakili wa Waingereza alikaa Manama, na mukubwa wa wakili alikaa Bushehr, kule Uajemi, na wote wawili walikuwa chini ya serikali ya India. Bazee wetu wanaifahamu namna hiyo. Wabeleji walimuvalisha shefu medali kifuani, akawa mutu wa kukusanya kodi na kutoa vijana wa kazi, na yule aliyekataa alipata kuona mwingine akivaa medali yake.

Mwezi wa Mei 1923 waliona Sheikh Isa bin Ali hawasikii. Alikuwa muzee, ametawala tangu 1869. Walimuweka kando, wakamupa mwana wake Hamad kazi yote. Tuseme kweli: kulikuwa watu maskini waliofurahi siku ile. Wakulima Washia walikuwa wanatozwa kodi nzito na kufanyishwa kazi ya bule na ndugu za mufalme, na wao wenyewe walikuwa wamewalilia Waingereza. Mutu mwenye kuzama hachagui mukono wa kushika. Paka hivi, yule aliyewavuta hakuwauliza kiisha wanataka kutawaliwa namna gani.

Mwaka 1925 tangazo lilitoka katika gazeti la London: wanatafuta kijana wa kwenda kufanya kazi katika inchi moja ya Mashariki. Charles Belgrave alijibu, akafika Bahareni 1926, na akabaki mpaka 1957. Miaka 31! Cheo chake kilikuwa «mushauri» wa mufalme. Alishika hesabu ya feza, alipanga polisi, alikaa tribunali kuhukumu. Sisi tumeona washauri wengi katika kazi yetu, lakini mushauri mwenye kushika kisanduku, bunduki na sheria pamoja, huyo anaitwa jina lingine.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Mbele ya petroli, Bahareni iliishi na lulu. Wakati wa joto mashua zilienda baharini kwa miezi kama minne. Muzamiaji alifungwa kamba, akatia jiwe muguuni ili ashuke mbio, akabana pua, akaokota chaza mpaka pumzi ikaisha. Mwenzake wa juu akamuvuta. Mara makumi kwa siku. Mukubwa wa mashua waliita nakhuda, ni neno lile lile la nahodha ambalo watu wa pwani wanasema mpaka leo, sawa vile neno lulu nalo ni la Waarabu. Mushahara haukuwako. Kulikuwa fungu, likigawanywa kiisha lulu kuuzwa, na mbele ya kugawanya walitoa bei ya chakula na deni. Kwa maana nakhuda alimupa muzamiaji feza mbele ya safari, na ingine wakati wa baridi ili watoto wasilale njaa. Buku la hesabu lilikaa kwa nakhuda, muzamiaji hakujua kusoma. Bila karatasi ya kuonyesha deni lake hakuweza kuhamia mashua ingine. Akikufa, deni lilimurudilia mwana wake. Na kati ya wazamiaji wa Ghuba kulikuwa watu weusi waliochukuliwa utumwani kwenye pwani ya Afrika Mashariki, wao hata fungu lenyewe lilienda kwa bwana wao. Misafara iliyopita Maniema ilielekea pwani ile ile, na njia ile ndiyo ilituletea luga hii tunayoandika.

Katika miaka ya 1920 serikali ya mushauri ilitengeneza kazi ile. Kila muzamiaji apewe buku lake, hesabu iandikwe, deni lisirudilie watoto, na feza ya mbele iwe na kipimo. Hayo yote ni mazuri na hatutamunyima Belgrave haki yake. Lakini wazamiaji walisimama kupinga! Wajapani walikuwa wameanza kulima lulu, dunia nzima ilikuwa na shida ya feza, bei ikaanguka, na ile feza ya mbele ikapunguzwa. Mwaka 1932 wazamiaji waliandamana Manama, polisi ikawavunja. Kuna wale wanaosema walikuwa wajinga, hawakujua mema yao. Sisi hatusemi hivyo. Mutu wa njaa ukimwambia deni ni baya, atakujibu: basi unipe mushahara. Vijana wetu wa kwenye mashimo wanajua. Mwenye feza analeta unga, kamba na tochi, wanachimba miezi, na siku ya kupima, kilo ni yake, bei ni yake, na buku ni lake. Ukimukataza leo bila kuweka kitu kingine, watoto watakula nini kesho?

Mwaka ule ule wa 1932 petroli ilitoka Jebel Dukhan. Kompani ilikuwa ya Waamerika, iliandikishwa Kanada ili ihesabiwe upande wa Waingereza. Wazamiaji wengi waliacha bahari wakaenda kufanya kazi ya bomba. Na feza ya petroli iligawanywaje? Fungu moja la tatu lilikuwa la mufalme na jamaa yake. Yaliyobaki yalikuwa ya serikali na akiba. Shule zilijengwa, hospitali pia. Ila hapakuwa mutu hata mumoja aliyechaguliwa na wafanyakazi ao wakaaji ili aseme fungu lile ni kubwa ao ni dogo. Mwaka 1938 watu waliomba baraza, wafanyakazi wakagoma. Wakubwa wao walifungwa, wengine wakapelekwa India.

Kilichotushangaza zaidi ni kilichofuata. Mwaka 1953 Wasuni na Washia walipigana katika barabara. Watu walidhani imekwisha, hawataweza tena kukaa meza moja. Mwaka uliofuata madereva wa taksi na basi waligoma kwa sababu ya bei ya asiransi, wakafungua mufuko wao wenyewe wa kusaidiana, Wasuni na Washia katika mufuko mumoja. Toka pale ikazaliwa Komite ya watu 8, 4 upande huu na 4 upande ule. Waliomba baraza la kuchaguliwa, sheria zilizoandikwa, tribunali kubwa, na ruhusa ya sendika. Disemba 1954 waligoma inchi nzima. Mwaka 1955 wafanyakazi walikuwa na shirika lao. Tunaandika haya kwa ajili ya wale ambao siku ya uchaguzi wa wadelege wanauliza kwanza mutu anatoka Kasai ao Katanga.

Novemba 1956, wakati wa vita ya Suez, maandamano yalichafuka, na serikali ilipata sababu. Watatu kati yao, Abdulrahman al-Bakir, Abdulaziz al-Shamlan na Abdali al-Aliwat, walihukumiwa miaka 14, wakapandishwa manowari ya Waingereza mpaka Sainte-Hélène, kisiwa cha Napoleon. Kisiwa hicho Waswahili walikuwa wamekijua mbele: Khalid bin Barghash wa Unguja naye Waingereza walimupeleka kule. Wale watatu walifunguliwa 1961. Belgrave alikuwa ameisha kwenda 1957, uhuru ulifika 1971, na sendika zilipata ruhusa ya sheria 2002 tu. Hapa kwetu bazee walipigwa risasi Disemba 1941 kwenye kiwanja cha mupira cha Elisabethville, kwa kuomba mushahara. Hatuna haja ya kufundishwa mugomo ni nini.

Basi muzee wetu, jibu ni hili. Sheria ya madini ya 2018 inagawanya redevansi hivi: 50 kwa 100 kwa leta ya Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa sheferi, sekta ao komine ambamo madini yanatoka, 10 kwa mufuko wa wale watakaozaliwa. Ile 15 imeandikwa kwa jina la sheferi. Shefu anaweza kutia sahihi, lakini haikuandikwa kwa jina lake, wala la mushauri wake, wala la ndugu zake. Na tena kuna 0,3 kwa 100 ya mauzo ya kompani, ya kujenga vitu vya wakaaji.

Tumeandika barua. Tunaomba hesabu ya mwaka uliopita itundikwe ukutani, kwa Kiswahili: ni kiasi gani kiliingia, siku gani, kilinunua nini, na nani alitia sahihi. Hatumutukani mutu, na shefu wetu tunamuheshimu. Barua iko ofisini mwa sendika mpaka Siku ya Posho. Bamama pia wanatia sahihi, na asiyejua kuandika kidole kinatosha.