Ukitaka kuwa mshauri nasaha, acha chaki nyumbani

Ikiwa umefikisha miaka 50, umefundisha au kuuguza kwa robo karne na sasa una hamu ya kusomea ushauri nasaha, usikubali kuambiwa kwamba umeshindwa na kazi. Mimi kama daktari nasema nenda. Lakini usiende na chaki mkononi.

Chukua mfano wa Osiri, kule Migori kwenye machimbo ya dhahabu. Mchimbaji anafika zahanati akilalamikia kichwa, kukosa usingizi na moyo kwenda mbio. Malaria hana. Anapewa tembe za maumivu, na juma lijalo amerudi. Sisi madaktari tuna dakika chache kwa kila mgonjwa, foleni ikiwa hadi mlangoni. Anayehitajika ni mtu wa kuketi naye saa nzima, anayejua Kijaluo, anayejua deni na kufiwa ni nini. Kijana aliyetoka chuoni juzi huenda asiambiwe mambo hayo. Mtu mzima ataambiwa.

Zimbabwe walilithibitisha jambo hili. Tangu 2006, Dkt. Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya wa mtaa wa Mbare, Harare, kuwasikiliza wenye huzuni nzito wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ila nyanya hao walifunzwa na kusimamiwa.

Sasa ile chaki. Mwalimu amezoea kujibu, muuguzi kuamrisha, mhubiri kuanza maombi kabla mtu hajamaliza sentensi. Mshauri hungoja. Tena Osiri kila mtu anamjua shemeji wa mwenzake: siri ikitoka chumbani mwako ikafika sokoni, hutampata mteja wa pili.

Jihadhari pia na vyeti vya wiki mbili. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 inadai usajili, na kuna sababu. Wachimbaji hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake huharibu ubongo: mikono hutetemeka, kumbukumbu hupotea, hasira huja ghafla. Mtu huyo hatapona kwa mazungumzo pekee. Mshauri aliyesoma vizuri atamuuliza kuhusu kazi yake, kisha atamleta kwetu.

Linaloniudhi ni mshahara. Washauri wengi wa ukimwi katika Migori na Homa Bay walilipwa na miradi ya wafadhili, na Marekani ilipokata fedha mwaka 2025 baadhi yao walibaki bila kazi. Hao tayari wanajua kusikiliza. Kaunti hizo mbili ziwape nafasi ya kuongeza masomo na kuwaajiri, kabla hawajaishia kuuza mitumba.