Mona Hakuwa Sanduku

Juma hili tunaomba mtuvumilie tuseme juu ya mbwa. Tunajua wapo watakaouliza kama shida za wanadamu zimekwisha hata tukageukia wanyama. Hazijakwisha. Lakini aliyezoea kukihesabu kiumbe chenye uhai kuwa ni kitu, mazoea hayo hayaishii kwa mbwa.

Tarehe 22 Oktoba 2019 abiria mmoja alisafiri na mama yake kutoka Buenos Aires kwenda Barcelona, pamoja na mbwa wake, Mona. Kwa kuwa uzito na umbo lake havikumruhusu kukaa na abiria, Mona alitiwa kizimbani apelekwe sehemu ya mizigo. Njiani kuelekea ndegeni akachoropoka, akakimbia, wala hakupatikana tena. Mwenyewe alidai fidia ya Euro 5,000 kwa uchungu alioupata. Shirika la ndege lilikiri wajibu wake, ila kwa kiwango cha mzigo uliopotea tu. Na tarehe 16 Oktoba 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba, kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, mbwa naye huhesabiwa katika mizigo.

Hatuwalaumu majaji. Waliusoma mkataba kama ulivyo, nao unajua abiria, mizigo yao na shehena, basi. Tena walikumbusha kwamba ustawi wa mnyama uzingatiwe safarini. Tunaulaumu mkataba wenyewe, ambao Kenya na Tanzania nazo zimeuridhia. Unasema anayetaka fidia kubwa zaidi atoe tamko maalumu anapokabidhi mzigo wake, na alipe ada ikihitajika. Atamke nini? Bei aliyomnunulia mtoto wa mbwa miaka kumi iliyopita?

Sanduku lililosahauliwa juani halifi. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na wale wa pua bapa, kama bulldog na pug, huhema kwa shida. Mwaka 2010 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilionyesha kwamba katika vifo 122 vya mbwa vilivyoripotiwa na mashirika ya ndege tangu Mei 2005, karibu nusu vilikuwa vya mbwa wa pua bapa. Wengi hudhani kwamba angani ndiko kwenye hatari, kumbe sehemu wanamowekwa wanyama hupata mgandamizo wa hewa sawa na chumba cha abiria. Tuogope zaidi pale chini uwanjani, kizimba kinaposubiri juu ya lami ya moto, au, kama kwa Mona, mikononi mwa wapakiaji wenye haraka.

Kwa hiyo tunadai mkataba uongezewe kifungu cha wanyama hai. Na hata kabla ya hapo, mashirika yanaweza kuanza kesho asubuhi: kila kizimba kiwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, atie sahihi anapokipokea na anapokikabidhi, kama ifanyikavyo kwa mtoto anayesafiri bila mzazi.