Wapelekeni semina masupavaisa wa Kamere

SAFU YA JUMATANO
Na Rehema Njoroge

Barabara ya Moi South Lake, hii inayotufikisha Kamere hapa Naivasha, imejaa mahoteli ambako mameneja kutoka Nairobi huja kufundishwa uongozi. Hulala siku mbili tatu wakielezwa namna ya kuitawala hasira, kumsikiliza mdogo wao kazini, na kutambua kwamba anayekujibu kwa mkato huenda ana yake yanayomsibu. Mada hiyo ilivuma tangu Mmarekani Daniel Goleman alipoiandikia kitabu mwaka 1995, na wakufunzi wetu hawajaiacha. Sina ugomvi nayo. Kinachonikera ni kwamba anayeihitaji zaidi yuko ng'ambo ya ua, ndani ya grinihausi ya maua, na hajawahi kualikwa hata kwa chai ya saa nne.

Mkazi wa Kamere anamjua vizuri. Aliajiriwa kukata waridi, akawashinda wenzake kwa kasi, siku moja akapewa daftari na koti la rangi tofauti. Basi, amekuwa supavaisa. Jana alikuwa akila githeri na wenzake, leo anawahesabia mashina. Juu yake kuna meneja anayedai tageti, chini yake mama ambaye hakulala kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Wiki za kuelekea Februari 14 oda za Ulaya humiminika na ofu husahaulika. Mtu aliyebanwa hivyo, na ambaye hakufunzwa lolote, atafanya nini? Atapiga kelele. Ndivyo naye alivyosimamiwa.

Lakini wapo wanaojiongoza wenyewe kwanza. Namjua mmoja ambaye, akitoka kugombezwa ofisini, hupitia kwenye mfereji akanawa uso, akanywa maji, ndipo akarudi kwa watu wake. Wakati mmoja aligundua mkataji mmoja amezorota, idadi yake inashuka kila siku. Barua ya onyo ingechukua dakika tano kuandika. Yeye alichukua makasi akaingia mstari uleule, akakata sambamba naye kimyakimya. Hawakufika mbali kabla hajaona glovu ya mwenzake imechanika vidole viwili, na miiba inaingia mpaka kwenye nyama. Mama wa watu alikuwa ameomba nyingine, akajibiwa kwa matusi na mtu wa stoo, akaona heri avumilie. Tatizo la tageti likaishia kwa jozi ya glovu.

Wanaodai huo ni ulegevu wamkumbuke Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo, aliyewahi kuwa kamanda wa jeshi letu la nchi kavu, mtu aliyezoea kutoa amri ikatiiwa. Julai 2003, akisuluhisha vita vya Sudan, timu yake iliwasilisha rasimu ya mkataba mjini Nakuru. Serikali ya Khartoum ikaikataa, na Rais Omar al-Bashir akawaambia wapatanishi wailoweke kwenye maji wanywe. Jenerali angeweza kuikumbatia rasimu ile kama heshima yake mwenyewe. Hakufanya hivyo. Septemba mwaka huohuo, Ali Osman Taha wa serikali hiyo na John Garang, kiongozi wa waasi, walikutana ana kwa ana hapa Naivasha, na mpatanishi akakubali kukaa kando wazungumze wao kwa wao. Mkataba wa masuala ya majeshi ukatiwa sahihi Septemba 25, na amani kamili ikasainiwa Nairobi Januari 9, 2005. Kukaa kando ukiwa na cheo kunahitaji ubavu zaidi kuliko kufoka.

Sheria yetu nayo haimsaidii sana mkata maua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inataja mfanyakazi kumtusi mwajiri au msimamizi wake kuwa sababu ya kufutwa papo hapo. Msimamizi akimtusi mfanyakazi, kifungu hicho kiko kimya. Afadhali kifungu cha 41, kinachotaka mtu aelezwe kosa lake na kusikilizwa kabla ya kufutwa, mwenzake au mwakilishi wa chama akiwepo. Ila kusikilizwa siku ya kufukuzwa ni kuchelewa mno.

Kwa hivyo chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kinapokaa na waajiri kujadili mkataba wa pamoja, kisiishie kwenye mshahara na marupurupu ya nyumba. Kidai kwamba hakuna atakayepewa daftari kabla ya kufunzwa kuishi na watu, kwa Kiswahili, kwenye saa za kazi, na kwa malipo. Na mafunzo yafanyike kabla ya Januari. Valentine ikishanukia, hakuna shamba litakalomwachilia mtu hata kwa nusu saa.